Mkubwa kwa Miaka Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya damu yametoka. Balaa! Mimi na pacha wangu tulijitolea kwenye utafiti wa kliniki. Wanapima umri wa mwili, si ule wa cheti cha kuzaliwa. Sote tuna miaka arobaini na minane. Mwili wake una arobaini na mitano. Wangu, sitini na mmoja! Nilimtangulia duniani kwa dakika kumi, na maisha yangu yote nimemdai heshima ya kaka mkubwa. Leo kaniamkia shikamoo, kwa sauti, mbele ya wauguzi wote. Nikaitikia marahaba kwa mazoea. Ukubwa jalala.

Daktari alieleza kwamba huzuni iliyokaa sana, wanayoiita sonona, mara nyingi huenda pamoja na kinga ya mwili kuchachamaa. Ni kama askari wasiolala, wanapiga filimbi na mwizi hayupo, mwishowe wanaichakaza nyumba wanayoilinda. Si kwa kila mtu, alisema, na bado wanachunguza. Akaniuliza kama nina huzuni. Nikamwambia sina, nina kazi tu. Mke wangu akadakia kwamba tangu mama yangu afariki, miezi saba sasa, kazi yangu ni kulala nimegeukia ukutani. Ana maneno huyu! Nimeandikiwa kumwona mshauri nasaha kila Alhamisi. Siendi ng'o.

Jumanne, 5 Machi
Mpango wa kwanza: furaha kwa nguvu. Nimesimama mbele ya kioo cha karakana na kucheka robo saa. Mimi ni fundi mihuri, mkono wangu hautetemeki, lakini kicheko kimenishinda. Kilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. Mteja aliyefuata muhuri wa shule aliishia mlangoni, akamwuliza jirani yangu mshona viatu kama niko salama. Yule kajibu kwamba niko hivyo tangu msiba. Mmbea! Baadaye nikalala chini ya meza ya kazi mpaka saa nane mchana. Uchovu tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua! Kama mimi siwezi kushuka umri, basi apande yeye. Nimekwenda nyumbani kwa pacha kumhuzunisha. Nikamwambia ameanza kipara. Akasema anajua, mkewe hukipaka mafuta. Nikamwambia timu yake itashuka daraja. Akasema imeshashuka, akacheka mpaka akapaliwa. Ikabidi nitoe silaha kubwa. Nikakitaja kiti cha mama, pale sebuleni kwake, kile ambacho hakuna anayekikalia. Machozi yakamtoka waziwazi. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nikaaga haraka bila hata kumaliza chai. Lakini hesabu ni hesabu: mwaka mmoja lazima umemwongezeka.

Ijumaa, 8 Machi
Jana sikwenda kwa mshauri. Mke wangu kasema nisipokwenda Alhamisi ijayo, anahamia kwa dada yake, kwa sababu amechoka kuishi na mgongo wangu. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

Dawa nimeipata. Natengeneza cheti cha kliniki: umri wa mwili, thelathini na tisa, mshauri hahitajiki. Muhuri wao niliuchonga mimi mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita. Kisu kiliteleza, kikaacha ufa ukingoni, na aibu ile sijaisahau. Sasa nichonge tena wenye ufa? Nina heshima yangu! Nimechonga mpya, duara safi, herufi zimenyooka. Kwa saa mbili nilisahau kuchoka. Nimemkabidhi mke wangu cheti, nikaenda kulala.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu amekipeleka cheti kliniki! Daktari alikitazama mara moja tu, akasema muhuri mzuri hivi hawajawahi kuwa nao. Karani wa mapokezi akaleta ule wenye ufa, wakailinganisha miwili hiyo, wakacheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Halafu wameuagiza ule mpya! Ila niupeleke mwenyewe, siku ya Alhamisi, na niukabidhi kwa mshauri. Njama tupu. Mke wangu keshatoa sanduku lake juu ya kabati.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwenda kupeleka muhuri tu. Mshauri, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini, aliupokea akashukuru, kisha akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa mtu wa kawaida. Nikasema alipenda kukaa karibu na dirisha. Baada ya hapo niliukodolea macho muhuri pale mezani mpaka muda ukaisha.

Nje nilimkuta pacha ananisubiri. Mke wangu ndiye aliyempigia simu. Tukitembea akaniambia kwamba yeye hulia kila Jumapili, amekishika kile kiti, na mkewe hukaa karibu naye. Miezi yote saba!

Kumbe! Mjanja yule! Analia huku mimi najikausha, kisha mwili wake unakuwa kijana! Nimeingia karakana moja kwa moja, nikachonga muhuri mpya: NIMELIA, na chini yake nafasi ya tarehe. Nitalia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo. Leo nimelia dakika kumi na moja, na nimeshaugonga. Mke wangu kautazama ule muhuri, kanitazama mimi, karudisha sanduku juu ya kabati.

Nikampigia pacha kumwuliza yeye hulia dakika ngapi. Akasema hajawahi kuhesabu.

Hajawahi kuhesabu! Nimeshamshinda.