Jinsi Papa Constantin Alivyomnywesha Bulonza Bila Kumgusa

Tulieni, enyi wakazi wa Kadutu, nanyi nyote mnaoishi kwenye vilima vya Bukavu! Zimeni redio, epueni sufuria, nyamazisheni watoto, kwa maana nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe, mwaka ule wa corona, uani kwa jirani yangu Papa Constantin. Nimeviona kwa macho yangu mawili. Nyumba yangu iko juu ya yao mtelemkoni, na ua wao nauangalia kama ninavyoangalia ndani ya chungu changu. Mwenye kuniita mbea na aniite. Bila sisi wambea historia ingehifadhiwa na nani?

Shujaa ni huyo Constantin, fundi cherehani, mtiisha vitambaa, mwenye kumaliza suruali ya harusi wakati bwana harusi ameshafika mlangoni pa kanisa. Rafiki yake ni Bulonza wa Walungu, muuza maharage, mwenye mabega ya kubeba magunia na moyo wa kuyagawa. Duka la Constantin lilipoungua zamani, maharage ya Bulonza yalifika nyumbani kabla ya pole za ndugu wa damu. Basi habari ilipokuja kwamba Bulonza yuko njiani kuja kuwatembelea, Constantin alifurahi kupita kiasi, kisha akaogopa.

Alimwogopa Maman Adélaïde, mkewe, malkia wa ndoo na sabuni. Ndani ya nyumba alilala Koko Anne-Marie, mama mzazi wa Constantin, mwenye mapafu dhaifu, na Adélaïde alikuwa ameapa kwamba ugonjwa ule hautamgusa mkwewe maadamu yeye anapumua.

"Rafiki yako iko rafiki yangu," alitangaza, fagio mkononi. "Lakini koko tuko naye moja tu. Bulonza atakaa hapa inje, atavaa cache-nez ya kufunika mudomo na pua, na kila mutu atakunywa mu kikombe yake. Ukimugusa, Papa Constantin, utalala na cherehani yako!"

Mlango wa bati ukafunguliwa. Akaingia Bulonza, mwekundu kwa vumbi la barabara, kuku kwapani, barakoa kidevuni, na paji la uso limeinamishwa tayari. Kwetu marafiki hawasalimiani kwa maneno matupu. Hugonganisha vichwa, kushoto, kulia, kushoto tena. Bulonza akasonga mbele. Constantin akarudi nyuma. Bulonza akasonga tena, na shujaa wetu akazidi kurudi hadi ndoo ya kunawia ikamzuia. Hapo fagio la Adélaïde likapita katikati yao, nayo majeshi yote mawili yakasimama.

"Constantin, kichwa yangu inanuka?" aliuliza Bulonza.

"Hapana, ndugu yangu. Kichwa yako naipenda sana. Ni ju ya mama."

Bulonza alimpenda Koko, kwa hiyo akapandisha barakoa, akanawa, akakaa mbali bila kinyongo. Lakini vita vikali vilikuwa bado.

Adélaïde alileta dumu la kasiksi, pombe ya ndizi iliyotoka Kabare asubuhi ile, akajaza kikombe kimoja na kukiweka juu ya kigoda katikati ya ua. Aliyekulia huku anajua sheria. Mwenye nyumba huonja kwanza, kutoka kikombe kilekile atakachonywea mgeni, ili mgeni aone hakuna sumu, maana inasemekana sumu hufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa kikombeni kwa tabasamu. Na Bulonza alishika sheria hiyo kuliko katekisimu. Siku ya harusi yake alikaa na kiu hadi mama mkwe alipoonja.

Constantin akainua kikombe, akashusha barakoa. Fagio likapiga sementi: paa! Akakirudisha kigodani.

Bulonza akasimama, akahutubia ua mzima, mimi nikiwa ndani ya hesabu.

"Constantin! Mi sisemi unataka kuniua. Lakini nilitoka Walungu na pikipiki, mavumbi ilinijaa mupaka mu meno. Kikombe yenye mwenye nyumba hajaonja, siwezi kunywa. Nikirudi na hii kiu, batu ba kwetu bataniuliza, na nitabajibu nini? Batasema urafiki yetu ilikufa, na corona njo iliiua."

Constantin aliniambia baadaye kwamba saa ile ingekuwa heri duka liungue tena. Akionja, mama yake atadhurika. Asipoonja, rafiki atakwenda. Alisimama pale akijishikashika shingo kama anayetafuta futi yake ya kupimia, na nadhani ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa alikumbuka afanyavyo mteja anapomshuku: humwekea vitambaa viwili mezani na kumwachia achague mwenyewe.

"Adélaïde, leta kikombe ingine!"

Kikaletwa, kikajazwa kutoka dumu lilelile, vikawekwa sambamba.

"Bulonza wa Walungu! Vikombe viko mbili. Chagua wewe mwenyewe. Ile utaacha, mi njo nitaikunywa yote, mbele ya macho yako!"

Bulonza akashika cha kushoto, akakiacha. Akashika cha kulia, akakitazama dhidi ya jua.

"Onesha kucha."

Constantin akanyoosha vidole vyote, vinanuka sabuni tupu. Hapo Bulonza akacheka, akabeba cha kushoto. Constantin akanywa cha kulia bila kupumua, na Bulonza akafuata, akakigeuza chini juu ili tuone hakikubaki kitu.

"Bulonza ameisha kunywa?" ilitoka sauti nyembamba dirishani.

"Nimekunywa, koko!"

"Basi mumupe ingine. Ule njo alitulisha."

Jioni Bulonza akaaga kwa mbali, mlango ukafungwa nyuma yake. Kisha tukasikia: ngo, ngo, ngo. Alikuwa akigonga bati kwa paji la uso kutoka nje. Constantin akasimama kidogo, akaelewa, akaegemea mlango na kujibu kwa paji lake kutoka ndani, kushoto, kulia, kushoto tena. Adélaïde alikuja na sabuni akasugua bati pande zote mbili, halafu akajifuta macho kwa kiwiko, na hakumfukuza mtu alale na cherehani.

Basi wanaoandika vita vya wakubwa na waongeze na hivi vyetu. Anayetaka ushahidi aje Kadutu auone mlango wa Papa Constantin. Una kibonyeo usawa wa paji la uso, na fundi aliyekuja kukinyoosha juzi alifukuzwa kwa fagio, na Maman Adélaïde mwenyewe.