Mbuzi Wangu Walioko Ulimwengu wa Pili

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

KUH: KURUDISHIWA MBUZI, AU KUFUNGWA KWA KIPINDI CHA "MLANGO WA PILI"

Pokea salamu kutoka Makongeni, ambako sote tu wazima isipokuwa mimi. Naitwa Matheka, karani mstaafu wa reli. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika sana.

Kila Jumamosi alasiri runinga yenu huonyesha watu wanaofungua mlango wakajikuta katika ulimwengu mwingine, wenye watu hawahawa ila walioamua mambo tofauti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema ulimwengu huo uko sambamba na huu wetu, kisha watu wanavuka wapendavyo. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja. Vitu vilivyo sambamba havikutani. Vikikutana, sisi tulikuwa tunaandika ripoti ya ajali.

2. Mke wangu Kaluki ameamini. Sasa nyumbani kwangu kuna mume mwingine aitwaye Matheka wa Kule. Matheka wa Kule hakoromi. Alitengeneza bomba la jikoni mwaka juzi. Nikiomba chumvi, naambiwa mwenzangu hula kama alivyopikiwa. Na mtu huyo hapatikani tukaonana ana kwa ana.

3. Hili ndilo linaloniuma. Januari mwaka jana, Naftaly wa Donholm alikuja kumposa binti yetu Mbeti. Sisi Wakamba, bila mbuzi watatu wa ntheo hatuhesabu kwamba binti ameolewa. Naftaly akaleta mbuzi wawili na kondoo. Mama yake, Wacera, akaeleza kwa upole kwamba kwao Murang'a kondoo huhesabiwa pamoja na mbuzi. Nikasema kwetu kondoo ni kondoo, nikawarudisha wote, wa miguu minne na wa miguu miwili. Mbeti hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Aliniandikia ujumbe mmoja tu: "Buda, umeniangusha. Yaani hii noma yote ni juu ya kondoo?"

Sasa Kaluki anasema Matheka wa Kule alipomwona kondoo alicheka hadi akashika mbavu, akawapokea wote watatu. Eti Mbeti wa Kule huja kila Jumapili na mjukuu mwenye masikio yangu.

4. Kwa hiyo, ikiwa Matheka huyo ni mimi, mbuzi wale wawili ni wangu, pamoja na watoto waliozaa. Naomba wapitishwe kwenye huo mlango wenu. Kondoo abaki hukohuko.

5. Mjukuu pia namtaka. Masikio ni yangu.

6. Mkishindwa, nitakuja ofisini kwenu na fundi Kyule, mchonga vinyago wa hapa mtaani, aupigilie mlango huo misumari ya inchi sita.

Nasubiri jibu ndani ya siku kumi na nne. Nisalimie wapiga picha wote, mlinzi wa getini, na yule dada wa hali ya hewa ingawa alituanikisha nguo siku ya mvua.

Wako katika ulimwengu huu,
Matheka wa Huku

N.B. Kaluki ameisoma barua hii akitafuta makosa ya tahajia. Aliweka kidole kwenye neno "kondoo", akaniuliza: "Ikiwa Matheka wa Kule ni wewe, alicheka kwa mdomo wa nani?" Nimempigia Mbeti. Alilia, na mimi pia. Wanakuja Jumapili, yeye, Naftaly na Wacera, na mbuzi wawili, na kondoo yuleyule, ambaye nasikia amenona. Kwa hiyo msifunge kipindi. Naomba tu mniulizie Matheka wa Kule alianzaje kucheka, kwa sababu nimefanya mazoezi tangu asubuhi na bado natoa sauti ya mtu anayefukuza wageni.