Kapteni Muntasir Aepuka Makosa

Jumatatu, 8 Septemba
Ami Humoud kapiga simu kutoka Maskati. Atamsomesha urubani mmoja wetu tu, mimi au Rahila, binti wa shangazi: atakayepata alama nyingi kwenye mtihani wa maandishi Jumamosi. Masikini Rahila! Mama keshaanza kuniita Kapteni. Mtaa wetu wa Jadida, hapa Pemba, wote unajua.

Jumanne, 9 Septemba
Rahila yuko sura ya kwanza, eti mawingu. Mimi rafiki yangu Ridha kanipatia maswali ya mtihani uliopita, na majibu yake. Maswali ya nini? Nahifadhi herufi tu: B, D, A, A, C. Mama kanisikia nikinong'ona, akadhani nyiradi. Akaitikia amin.

Alhamisi, 11 Septemba
Rahila kaja kunishauri. Eti nisome swali mpaka mwisho, maana neno "isipokuwa" hujificha mkiani. Eti nitazame kama ni lita au galoni. Eti nisitoke kabla ya muda. Wivu huo! Nimemjibu kwa adabu kwamba rubani wa kweli hasitisiti.

Jumamosi, 13 Septemba
Mtihani, Unguja. Maswali sitini, nimeyamaliza kwa dakika kumi na mbili! Niliponyanyuka Rahila yuko swali la saba, anapima ramani kwa rula. Nikamwonea huruma. Mlangoni msimamizi, Bi Jawaher, kaitupia jicho karatasi yangu, akauliza kwa upole kama nina hakika: kwa jibu langu, ndege itachukua saa kumi na moja kutoka Pemba hadi Dar. Nikamwambia, usalama kwanza.

Jumatatu, 15 Septemba
Rahila asilimia tisini na mbili. Mimi kumi na nane. Kumbe majibu hupangwa upya kila mtihani! Hila ya waziwazi. Ami Humoud kacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, kwa Rahila. Mama hakucheka. Kaniuliza taratibu kama nilisoma hata swali moja. Nikatazama dirishani. Nimeumia, sikatai. Dakika tano hivi.

Jumatano, 17 Septemba
Nimefungua darasa barazani kwetu: Namna ya Kuepuka Makosa katika Mtihani wa Urubani. Nani ayajuaye kunishinda? Wamejiandikisha wawili. Mmoja, Yussuf, kaniuliza mimi nilipata ngapi. Nimemfundisha papo hapo kanuni kuu: mtu asipoteze wakati na maswali.