Mgongo wa Gesi

Kiponda aliposikia kwamba friji kubwa ya hoteli ya Phineas, hapo Malindi, imekufa, na kamba koche wa karamu ya Wataliani wameanza kunuka, alimshukuru Mola. Uvundo wa mwenzio huenda ukawa manukato yako. Ufundi hakuwa nao. Aliwahi kufagia karakana moja Mombasa, akatoka na maneno matupu. Lakini maneno, jamani, hayahitaji spana!

Akaazima pikipiki ya Honda ya shemejiye, aliyekuwa akimlisha na kumlaza.

"Ikipotea hii," shemeji akamwambia, "nawe potea papo hapo."

Azma yake ilikuwa kuing'oa kompresa ya friji hiyo "akaitibu Mombasa," kisha aiuze njiani.

"Mzee," alimwambia Phineas, akiigonga friji kama daktari agongavyo kifua, "themostati haisomani na kompresa."

Phineas hakuwa mtu wa kukubali kuonekana mjinga kwenye hoteli yake mwenyewe. "Hata mimi niliona hazisomani."

Mambo asali! Mara akatokea mwanamke wa buibui, faili kwapani, akijipangusa mafuta ya samaki midomoni.

"Bi Mwanasiti, wa kampuni ya mafriji," Phineas akamjulisha. "Haya, semezaneni wataalamu."

Kiponda akalitupia jicho lango. Mtaalamu wa kweli!

"Fundi, mgongo wa gesi umeupima?"

Tangu azaliwe, Kiponda hajasikia gesi ina mgongo. Lakini fundi gani huuliza? "Nimeupima, bibi. Umepinda."

"Upande wa kusi au wa kaskazi?"

"Kusi."

"Ndilo nililolihofia." Akatikisa kichwa. Phineas akatikisa chake. Kiponda naye hakutaka kuachwa nyuma. Bi Mwanasiti akaendelea: "Basi utaratibu waujua. Kabla ya kompresa kupakiwa, pikipiki hupimwa mtetemo."

"Ah, mtetemo! Lazima," akasema Kiponda, akatoa ufunguo.

Bi Mwanasiti akakaza buibui kiunoni, akaupima mtetemo hadi kona ya msikiti. Akaupima hadi barabara ya Kilifi. Sauti ikafifia, ikafa.

Chai ikapoa mezani.

"Mtu wenu amekawia," Kiponda akanong'ona.

"Wetu? Si wenu? Amekuja asubuhi kwa miguu, akala, akanywa. Mimi nimemwamini nilipoona mwaelewana kila neno!"

Kiponda akageuka. Lango lishafungwa, na mpishi kalisimamia na mchi mkononi.

"Afadhali wewe umebaki," akasema Phineas, akimkabidhi spana. "Wageni waja jioni. Haya fundi, unyooshe huo mgongo."