Foleni Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Bosi wetu, mama mwenye sauti ya upole na macho ya kukagua, anahamia makao makuu. Ijumaa atamtaja mrithi wake. Kitengo cha faili kina watu wawili tu: mimi na Miwani. Miwani ni mwanamke anayesoma kila mstari mara tatu, hata matangazo ya lifti. Nimempigia simu mama mkwe kumwambia ukuu wa kitengo nimeshapewa. Nimetangulia kidogo tu. Mke wangu anasema nitaumbuka. Hana imani.

Mpango wangu: mfumo wetu huandika faili kwenye diski kwa foleni moja. Faili zote zinapanga mstari kama wagonjwa wa meno. Mimi nitaweka foleni kumi na sita, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Kumi na sita! Hata mtoto anaona faida yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Kikwazo ni kanuni ya ofisi: msimbo wako, yaani programu uliyoandika, hauingii kwenye mfumo mpaka mwenzako ausome na kuuwekea sahihi. Miwani amesema atausoma wangu nikishasaini wake, ulio kwangu tangu wiki iliyopita. Nimeuchungulia. Ni utaratibu wa kufuli tu. Foleni ikitaka kugusa folda na faili iliyomo, ishike folda kwanza, faili baadaye, siku zote. Nilipiga miayo. Nikamwambia aanze yeye. Akauliza kwa nini aanze yeye. Nikasema kwa sababu mimi sianzi.

Jumatano, 5 Machi
Hakuna aliyeanza. Tumesalimiana koridoni kwa heshima ya kutisha. Nikamuuliza hali ya watoto. Akaniuliza hali ya wangu. Wazima wote. Sahihi hakuna! Mke wangu anasema nisaini yaishe. Mtu wa nje hawezi kuelewa mambo ya kiufundi. Mama mkwe amepiga: anakuja Jumamosi na shangazi wawili kunipongeza.

Alhamisi, 6 Machi
Ujanja! Kompyuta ya majaribio haihitaji sahihi ya mtu. Bosi huitumia kwa kazi zake mwenyewe, maana anasema mfumo usiomfaa yeye hautamfaa mteja. Saa tatu asubuhi nikaziingiza foleni zangu humo, naye akiwa katikati ya ripoti yake ya kuaga. Kwa dakika kumi na moja kasi ilikuwa ya ajabu. Nilisimama nipigiwe makofi. Kisha ikaganda. Hakuna kilichoungua, hakuna kilicholia. Foleni zote zimekaa tu. Ripoti ya bosi haikuhifadhika.

Miwani alichungulia, akaeleza mbele ya watu. Foleni ya tatu imeshika folda, inasubiri faili. Foleni ya tisa imeshika faili, inasubiri folda. Hakuna inayoachia mpaka nyingine iachie, na zilizobaki zimekwama nyuma ya hizo mbili. Nilicheka mpaka machozi. Nikasema sijapata kuona ujinga wa namna hii, wawili wanang'ang'aniana na kazi imelala! Nilicheka peke yangu. Bosi alinitazama mimi, kisha akamtazama Miwani. Miwani akainamisha kichwa. Nadhani alizionea aibu zile foleni.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimekuta Miwani ameusoma msimbo wangu bila kungoja sahihi yangu. Maoni thelathini na mawili, lakini ameusoma. Amelegea! Nikaenda mbio kwa bosi kumweleza kwamba nimemshinda. Bosi akasema ndiyo, ameona nani aliyeachia kwanza, na kitengo amempa huyo.

Niliingia chooni nikakaa. Imeniuma. Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye: kile kiti nimekitaka miaka sita.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe na mashangazi wamefika na maua, pamoja na picha yangu kwenye fremu, ya kutundika ofisi mpya. Nimeipokea kwa mikono miwili. Sikuwa na moyo wa kuwaharibia safari. Nimewaeleza majukumu yangu kwa saa nzima. Shangazi mdogo ameuliza kama mwanawe anaweza kupata kazi kwangu. Nimemwambia alete vyeti. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia, akageuka nalo akarudi jikoni.

Jumapili, 9 Machi
Mashangazi wameondoka, mama mkwe kabaki. Mke wangu ametangaza kwamba hataongea na mimi mpaka nimwambie mama yake ukweli. Nimemjibu kwamba sitamwambia mama yake lolote mpaka yeye aongee na mimi vizuri. Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi. Sasa ni saa tisa mchana. Mama mkwe anauliza kulikoni na hakuna anayemjibu. Chakula hakijapikwa. Nyumba imetulia tuli. Naona mke wangu anakaribia kulegea.