Kidole Changu na Bastola Namba Arobaini na Moja

Leo nimejiaibisha mbele ya watu sitini waliovaa makoti mazuri. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mnajua kazi yangu ni ushonaji, hapa Rosettenville, kusini mwa Joburg. Wachache mnajua ugonjwa wangu wa pili: nakusanya bastola za kale. (Tulieni. Ni zile za enzi za mababu, za kushindilia baruti kwa mkono. Hazihitaji leseni, na zangu haziwezi kuua hata panya.) Ulinianza miaka mitatu iliyopita, mjane mmoja wa mtaa wa Observatory aliponiletea sanduku la marehemu mumewe nilibandike mahameli mapya ndani. Bastola ilikuwamo. Nilipoifuta vumbi nikaona maua yaliyochongwa kwenye chuma, kwa ufundi ambao mimi na sindano yangu hatutaufikia. Nikanasa. Sasa ninazo mbili. Mke wangu Zainabu anaziita wake wenza.

Leo kulikuwa na mnada, na ndani ya mnada kulikuwa na ile niliyoitazama kwenye katalogi mwezi mzima. Bastola ndogo ya mfukoni, mpini wa pembe, kitungi cha matundu matano kinachozunguka, na juu ya mtutu mtu amechonga ndege wawili wanaotazamana. Namba arobaini na moja. Nilishaiota mara mbili. Nikavaa suti niliyojishonea, nikaenda.

Wa kwanza niliyemwona ukumbini alikuwa Oom Danie. Huyu ni mzee wa Kikaburu (oom kwao ni mjomba), fundi saa mstaafu, na sijawahi kumshinda kwenye mnada wowote. Alinisalimia, akaniuliza familia haijambo, kisha akanionyesha kwenye katalogi yake namba aliyoizungushia wino. Arobaini na moja. 

Kabla mnada haujaanza watu huruhusiwa kukagua vitu. Anayesimamia meza ni Sis Nomsa, mama mwenye glovu nyeupe na sura ya mwalimu mkuu. Nikaomba kuishika ile bastola. Akanikabidhi, akanionya waziwazi nisiingize kidole kwenye kile kiduara cha chuma kinachozunguka kifyatulio. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasubiri ageuke.

Nikaingiza kidole.

(Msiniulize kwa nini. Hata nyinyi mkiambiwa rangi haijakauka, mnagusa.)

Kuingia kiliingia vizuri. Kutoka ndiyo kikagoma. Ile bastola ilitengenezewa watu wenye vidole vya tambi, na mimi miaka ishirini ya kushika mkasi imenipa kifundo kama njugu mawe. Nikavuta polepole. Nikavuta kwa nguvu. Nikaanza kupiga mluzi, kama mtu asiye na shida yoyote.

Sis Nomsa akageuka. Alitazama mkono wangu, akanitazama mimi, akautazama tena mkono.

"Eish, baba," akasema.

Akanipaka sabuni. Haikusaidia. Akaleta mafuta ya kupikia kutoka jikoni. Sasa nilikuwa na kidole kilichovimba na kinachonukia maandazi. Na mnada ulishaanza, namba zinakimbia: thelathini na tano, thelathini na sita. Nikamsihi waisogeze yangu mwishoni. Akanijibu kwamba utaratibu ni utaratibu, kila kitu hupelekwa mbele kwa zamu yake juu ya sinia, na yeye hajawahi kuchelewesha kitu hata kimoja.

Kwa hiyo nilipelekwa mbele juu ya sinia. Si mimi mzima, mkono tu. Sis Nomsa alishika sinia lenye kitambaa cheusi, mkono wangu umelala juu yake pamoja na bastola, na sehemu yangu iliyobaki ikifuata kwa nyuma. Tulitembea taratibu kama maharusi. Kuna waliodhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alipiga makofi.

Dalali, bwana mwembamba mwenye tai ya kipepeo, alinitazama kwa muda mrefu kupita juu ya miwani. Kisha akautangazia ukumbi:

"Namba arobaini na moja. Mkono hauuzwi."

Walicheka. Na mimi nikacheka. (Ningefanyaje?)

Lakini jamani, nilikuwa nimekuja kununua, na mkono wa kushoto ulikuwa huru. Nikainua kibao changu cha namba. Oom Danie akainua chake. Nikainua, akainua. Wengine wakaacha mmoja mmoja, tukabaki wawili. Wale ndege walikuwa hapo, shubiri moja kutoka puani mwangu. Nilikuwa nimebakiza pumzi moja tu ya kupandisha bei; zaidi ya hapo ningegusa kodi ya duka.

Oom Danie akainua tena. Dalali akanigeukia. Nikataka kujibu, kibao kikateleza kwa yale mafuta yaliyonienea mikono yote miwili, kikaanguka chini ya meza.

"Mara ya kwanza," akasema dalali. "Mara ya pili..."

Nikanyoosha mkono juu, halafu mbele, anione vizuri. Mkono wa kulia. Ule wenye bastola.

Hapa ni Joburg. Hakuna aliyesubiri maelezo. Watu sitini waliingia chini ya viti kwa mpigo mmoja, utafikiri wamefanya mazoezi. Mama mmoja alilalia mkoba wake. Sis Nomsa alikaa sakafuni, sinia bado mikononi, glovu hazina hata doa. Dalali alitoweka nyuma ya meza yake. Oom Danie peke yake alibaki kwenye kiti, kibao magotini, kama anayesubiri basi.

"Nilikuwa naongeza bei," nikasema.

Kisha sauti ya dalali, kutoka chini, ikaniuliza kwa adabu sana kama naweza kuushusha mkono.

Watu walipoinuka na kujifuta vumbi, dalali akanyoosha tai yake na kutoa uamuzi. Bei hupandishwa kwa kibao, si kwa silaha. Kwa hiyo mwenye kibao cha mwisho ni Oom Danie. Nyundo, ko. Ukumbi ukashangilia. Niliumia, sitawaficha. Nikawatazama wale ndege wangu, nao bado wameniganda kidoleni.

Kelele zilikuwa zimemtoa jikoni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayechemsha chai pale. Akakishika kidole, akakigeuza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni fundi cherehani.

"Fundi ya nguo, na hauna uzi?"

Ninao. Niko nao kila siku, kibunda kizima, mfuko wa koti. Akapenyeza ncha ya uzi chini ya kile kiduara, akanizungushia kidole kukibana mpaka kupita kifundo, kisha akaanza kuufungua kutokea chini. "Tulia, papa. Pete tunazitoaka hivi." Haikupita dakika, bastola ikateleza ikatoka. Nilikuwa nimezunguka na dawa mfukoni karibu saa nzima.

Nilimkabidhi Oom Danie bastola yake huku nikiomba radhi. Akaifuta mafuta kwa leso, taratibu, akaniambia amehudhuria minada maisha yake yote na hajawahi kuona mtu anayependa kitu kiasi hiki. Akanialika Jumamosi niende kwake nikaitazame vizuri, ila nije nimeweka mikono mfukoni. Nitaenda.

Zainabu amenikanda kidole kwa maji ya chumvi. Anajizuia kucheka. Mabega tu ndiyo yanamtikisika.

Sasa nyinyi. Kuna jamaa wa mstari wa tatu aliyerekodi kila kitu akiwa chini ya kiti, na najua hiyo video itafika kwenye kundi hili kabla ya Isha. Atakayecheka, nguo za Idi akashonewe Soweto.