Pembe Yangu ya Tano

Jumatatu, 3 Machi
Jirani yangu, fundi cherehani, anajenga ukuta Jumamosi. Anadai banda langu la kuku limeingia kwake hatua moja. Ila kasema, kwa kuwa mimi ni mzee mwenzake, ataupindisha ukuta banda libaki. Huruma! Kwangu mimi! Nimekataa. Haki yangu naitafuta kwenye kompyuta.

Jumanne, 4 Machi
Mkamwana wangu kazi yake ramani. Nimemwomba anitolee viwianishi vya kiwanja changu kwenye faili la mipaka. (Neno hilo linataka meno yote. Mimi ninayo tisa.) Kaandika mistari mitatu kwa lugha ya kompyuta, namba zikamwagika: kila nukta na namba zake mbili, ya mashariki na ya kaskazini. Nikahesabu nukta. Tano! Kiwanja changu kina pembe nne. Sikumuuliza kitu. Karatasi nimeificha soksini.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia fundi kuwa pembe yangu ya tano kaikalia yeye. Kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kasema niilete aipime kiuno. Nikatoa mkataba: mpima ardhi aje, na atakayeonekana kaingia kwa mwenzake abomoe kesho yake. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Woga huo! Tumetia saini.

Alhamisi, 6 Machi
Mpima kaja na chombo chake. Nukta ya kwanza, kigingi. Ya pili, ya tatu, ya nne, vigingi. Kwenda ya tano nikamfuata kifua mbele. Akasimama palepale penye kigingi cha kwanza. Nikamwambia kapotea. Akasema hapana, kompyuta huirudia nukta ya kwanza mwishoni ili umbo lijifunge. Mkamwana akasema, baba, si ungeniuliza tu. Na banda halikuingia kwa fundi hatua moja. Limeingia tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebomoa. Fundi kanishikia ngazi, anapiga mluzi. Kuku kumi na mmoja wako jikoni. Mke wangu kasema nichague, wao au yeye. Nimeomba muda wa kufikiri.

Jumamosi, 8 Machi
Ukuta umesimama, umenyooka kama rula. Nimemwomba mkamwana anitolee na namba za fundi. Kanitazama weee, kisha kanitolea. Nukta tano, kama zangu. Hapo sina neno. Lakini tazama mikia! Namba zake zina desimali sita. Zangu, tano. Nani kala ya sita? Nimempigia mpima. Kakata simu. Bila shaka anatafuta chombo.